Kapteni wa Ngong na majina yasiyoandikwa

Ijumaa moja, baada ya kuswali katika Msikiti wa Jamia mjini Nairobi, nilisimama nje nikilitazama jengo la Maktaba ya McMillan, jirani yake wa ubavuni. Msikiti ulianza kujengwa mwaka 1925 ukamalizika 1933. Maktaba ilifunguliwa Juni 1931. Majirani hawa ni wa rika moja, lakini milango yao haikuwa sawa: msikiti uliwapokea waumini wa kila kabila, na maktaba ikawa ya Wazungu peke yao hadi mwaka 1958.

Humo maktabani zilihifadhiwa baadhi ya samani za Bibi Karen Blixen, Mdenmaki aliyelima kahawa chini ya vilima vya Ngong. Nilipozikumbuka samani hizo nilimkumbuka pia mgeni wake mashuhuri, Kapteni Denys Finch Hatton. Basi nikaazimia kuifuata njia yake mpaka mwisho wake.

Bwana huyu alizaliwa London mwezi wa Aprili 1887 katika ukoo wa malodi. Alisoma Eton, kisha Oxford. Katika shule kama Eton kriketi haikuwa mchezo wa kupitishia jioni tu, bali ilikuwa sehemu ya malezi. Kijana akafundishwa humo kungoja zamu yake, kumtii nahodha na kushindwa bila ya kununa. Denys alivuma kwa kriketi na kwa michezo mingine, na alipofika Afrika Mashariki mwaka 1911 alikuwa na umbo la mchezaji na maneno ya msomi. Wenyeji walimpa jina la Makanyaga, kwa kuwa ulimi wake uliweza kumkanyaga mtu bila ya mkono kuinuliwa.

Kriketi ilikuwa imemtangulia kufika. Desemba 1896 ilichezwa Mombasa, mwaka ule ule ambao vita vya Mazrui dhidi ya Waingereza vilikwisha. Kufikia 1899 ilikuwa Nairobi, na kuanzia 1910 maofisa wa serikali walishindana na masetla kila mwaka. Mwaka 1933 yakaanza mashindano ya Wazungu na Wahindi. Msomaji atajiuliza, Mwafrika je? Katika mashindano hayo hakuwa na timu.

Vita vikuu vilipozuka mwaka 1914, Denys alijiunga na kikosi cha Berkeley Cole, kikosi cha askari wa Kisomali. Baadaye akawa msaidizi wa Jenerali Hoskins, akapata nishani ya Military Cross, akamfuata mkuu wake hadi Iraki, kisha akajifunza urubani Misri. Ukapteni wake ulipatikana hivyo. Lakini tusisahau kwamba askari wale wa mwanzo walikuwa Waislamu, na kwamba mtumishi wake wa miaka mingi, Billea Issa, alikuwa Msomali vilevile.

Aprili 1918, katika klabu ya Muthaiga, alikutana na Bibi Blixen. Nyumba yake ikawa kituo cha Denys kila alipotoka safarini, na humo aliweka vitabu vyake na santuri zake. Nilikwenda kuiona nyumba hiyo huko Karen, magharibi ya jiji, ambayo ni jumba la makumbusho tangu 1986. Ni nyumba ya mawe yenye baraza pana, na ukisimama barazani vilima vya Ngong vinakukabili kama ngamia waliolala.

Tumtendee haki: Denys hakuwa mwindaji wa pupa. Aliwaongoza matajiri porini, na mwanamfalme wa Uingereza mara mbili, mwaka 1928 na 1930, lakini kamera ilianza kumpendeza kuliko bunduki. Mwaka 1929 aliandika katika gazeti la London akiwashutumu waliokuwa wakiwapiga risasi simba wa Serengeti kutoka ndani ya motokaa. Kwa mchezaji wa kriketi huo haukuwa uwindaji, ulikuwa hila.

Sisi watu wa Pwani tuna fungu letu katika habari hii. Denys alijenga nyumba ndogo ufukweni Takaungu, mji waliokalia Mazrui baada ya kung'olewa Mombasa mwaka 1837. Mwezi wa Mei 1931 alikwenda huko kwa ndege yake ndogo, na akatia nia kurudi kupitia Voi ili atafute tembo kutoka angani. Bibi Blixen alitaka kufuatana naye, lakini hakumchukua. Aliyekwenda naye ni mtumishi wake Mkikuyu, Kamau.

Asubuhi ya tarehe 14 Mei ndege iliruka kutoka Voi, ikazunguka, kisha ikaanguka na kuwaka moto. Wote wawili walikufa.

Denys alizikwa Ngong, mahali alipokuwa amepachagua. Bibi Blixen aliweka mawe yaliyopakwa chokaa ili alione kaburi kutoka nyumbani kwake, na baadaye aliandika kwamba simba walikuwa wakija kulala juu yake. Kakake alisimamisha mnara wenye jina lake na miaka yake.

Nilipanda mpaka pale. Upepo ulikuwa mkali, na mji wa Nairobi ukionekana kwa mbali. Niliyasoma maandishi mara mbili, nikauzunguka mnara pande zote nikilitafuta jina la Kamau. Halimo. Ndege ilikuwa moja, na moto ulikuwa mmoja.

Hapo ndipo nilipoikumbuka kriketi. Katika daftari la mchezo ule huandikwa majina ya wachezaji wote kumi na mmoja. Aliyepiga mia huandikwa, na aliyetoka bila ya hata moja huandikwa, kwa sababu mchezo haukuchezwa na mtu mmoja. Denys aliijua kanuni hiyo tangu utotoni. Waliomwandikia kaburi waliijua pia, lakini kwa Kamau waliiacha uwanjani.

Simlaumu marehemu, kwani maiti hajichongei jiwe. Lakini sisi tulio hai tuna kalamu. Wazee wetu walisema mtu ni watu. Basi ukimsimulia mwanao habari za kapteni wa Ngong, anza na Takaungu, umtaje Billea Issa, na ukifika Voi usikitaje kifo kimoja. Sema walikuwa wawili.