Arobaini ya Mzazi katika Nyumba za Tabora

Desturi ya arobaini, ambayo kwayo mwanamke aliyejifungua huwekwa ndani, akakandwa kwa maji ya moto, akapikiwa uji na supu, wala asishike mchi wala ndoo, ni desturi kongwe katika mji huu, ambao misafara ya Bagamoyo na ya Ujiji ilikutana ndani yake na watu wa pwani wakaishi ujirani na Wanyamwezi. Na hata leo, kutoka Itetemia, yalikokuwa makao ya watemi wa Unyanyembe, hadi Ng'ambo na Isevya, ni nadra kukuta nyumba yenye mzazi ambayo haikuhesabu siku hizo. Tabibu kijana aghalabu huitazama desturi hiyo kwa jicho la shaka, na bibi mzaa mama humtazama tabibu vivyo hivyo. Sisi wakunga, tunaosimama baina yao, tunaona kuwa kila mmoja ana haki katika nusu ya jambo, na kwamba mpaka wa nusu hizo si mgumu kuuchora: kila mila inayomhudumia mama na idumu, na kila mila ipitayo kinywani, kitovuni au puani mwa mtoto na iachwe.

Tuanze na mama. Kizazi kilichobeba mimba huchukua takriban wiki sita kurejea katika ukubwa wake wa awali, na mahali liliponyofoka kondo huwa ni kidonda hasa, ijapokuwa hakionekani kwa macho. Kwa hiyo wazee, pasi na vitabu vya tiba, waliukadiria muda huo kwa usahihi wa kustaajabisha. Uji wa mtama, supu ya kuku, mboga za majani na maji ya kutosha ni chakula chema kwa aliyepoteza damu na anayenyonyesha. Kukandwa nako hakuna ubaya, maadamu maji ni ya uvuguvugu na si ya kuunguza, na mama aliyezaa kwa upasuaji asikandwe tumbo kabisa.

Usiku ndio mtihani. Mtoto mchanga hulala takriban saa kumi na sita kwa siku, lakini kwa vipande vipande, kwa kuwa tumbo lake ni dogo na maziwa ya mama humeng'enywa upesi, hata ikawa hunyonya mara 8 hadi 12 katika mchana na usiku, naye hajui bado tofauti ya jua na giza. Fauka ya hayo, kilio cha mtoto mwenye siha njema huzidi wiki kwa wiki hadi kufikia kilele karibu na wiki ya sita, kisha hupungua. Na hapo ndipo majirani husema kuwa ana mchango, au kwamba maziwa ya mama hayamtoshi, na kikombe cha maji ya sukari kikaletwa. Mama asibabaike. Mtoto anayekojoa mara sita au zaidi kwa siku baada ya wiki ya kwanza, na ambaye uzito alioupoteza siku za mwanzo umerejea kabla ya kutimiza wiki mbili, huyo anashiba, naye hahitaji kitu kingine kinywani mwake, hata maji, mpaka atimize miezi sita.

Katika vitu hivyo vingine, kimoja chataka maelezo marefu, kwa sababu ni fahari yetu. Tabora ni nchi ya asali. Misitu ya miombo ya Sikonge na Urambo imejaa mizinga, na chuo cha ufugaji nyuki kimo humu humu mjini. Basi si ajabu kwamba bibi huchovya kidole katika asali na kumlambisha mjukuu siku ya kwanza, kwa mapenzi na kwa kumtakia maisha matamu. Lakini asali, hata iliyo safi kabisa, yaweza kubeba mbegu za kijidudu kiitwacho klostridiamu, ambazo mtu mzima huzimeza bila madhara, ilhali katika utumbo wa mtoto mchanga, ambao haujapata walinzi wake, huchipua na kutoa sumu inayolegeza misuli: mtoto hukosa choo, kilio chake hufifia, hushindwa kunyonya, na mwisho hushindwa kupumua. Maradhi hayo yalitambuliwa kwa watoto wachanga mwaka 1976 huko Marekani, na kuichemsha asali jikoni hakuziui mbegu hizo. Mwenye kutaka kuitimiza sunna ya tahniki, yaani kumwonjesha mtoto mchanga kitu kitamu, na ashauriane na shekhe na mkunga kwa pamoja, ila asali isubiri hadi mtoto atimize mwaka mmoja.

Kitovu nacho kina haki ya kuachwa peke yake. Majivu, mafuta, mate na samadi ni njia za kuingizia pepopunda na usaha. Kitovu kisicho na dawa ila ile iliyotolewa na mkunga, kikiachwa kikavu na wazi, hudondoka chenyewe, aghalabu kati ya wiki ya kwanza na ya pili. Hali kadhalika jiko la mkaa, ambalo katika usiku wa baridi wa Juni na Julai huingizwa chumbani na mlango ukafungwa, hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu iwezayo kuwaua mama na mtoto usingizini. Joto lililo bora kuliko hilo ni la kifua cha mama, ngozi kwa ngozi, na nguo ikawafunika wote wawili.

Yamebaki masuala ya mikono. Arobaini ilisimama kwa sababu nyumba ilikuwa na mama mkwe, shangazi na mawifi. Bali leo mwalimu au karani aliyehamishiwa Tabora huishi na mkewe katika vyumba viwili, na ndugu zao wako Mbeya au Tanga. Mpagazi wa njia ya misafara alichukua mzigo uliokaribia frasila mbili, wala hakuna aliyetarajiwa kubeba wa mwenziwe juu ya wake; mzazi naye asibebeshwe mtoto, maji, kuni na sufuria kwa pamoja. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 humpa mama siku 84 za likizo yenye malipo, au 100 akizaa zaidi ya mtoto mmoja, na akirejea kazini ana haki ya muda usiozidi saa mbili kwa siku wa kunyonyesha. Baba hupewa siku 3, nazo ni lazima zichukuliwe ndani ya wiki ya kwanza. Siku hizo hazitoshi. Kwa hiyo kabla ya uchungu kuanza, mume na ajue nani atateka maji, nani atafua, na nani atampokea mtoto alfajiri ili mama alale.

Mikono hiyo ni dawa ya moyo pia. Machozi ya siku za mwanzo ni ya kawaida na hukoma kabla ya wiki mbili; yakizidi hapo, mama akakosa usingizi hata mtoto alalapo, akajiona hafai, si pepo wala uvivu, bali ni maradhi yenye tiba. Shirika la Afya Duniani hukadiria kuwa takriban wanawake 13 katika kila 100 waliojifungua hupatwa na maradhi ya akili, hasa sonona.

Alhasili, arobaini isigeuzwe kifungo. Mama na mtoto wana miadi ya kliniki ndani ya saa 48, ndani ya wiki ya kwanza, kabla ya mwezi kwisha, na karibu na siku ya 42. Na mtoto aliyeacha kunyonya, mwenye homa ya nyuzi 37.5 au zaidi, aliyepoa mno, apumuaye mara 60 au zaidi kwa dakika au mwenye manjano ya viganja na nyayo, pamoja na mama atokwaye na damu nyingi, mwenye homa, degedege au maumivu makali ya kichwa, hao hawangoji siku itimie: hupelekwa hospitali ya Kitete au zahanati iliyo karibu saa hiyo hiyo, na bibi akawa wa kwanza kutoka mlangoni.