Vinyonga wa Lushoto si vinyonga wa Amani

Nilikuwa nyumbani milimani, Usambara, na nimerudi na jambo moja ambalo halijanitoka kichwani.

Kaka yangu ana kipande cha msitu juu ya shamba aliloacha marehemu baba. Si kikubwa, kama ekari mbili hivi. Anataka kukifyeka apande viazi na kabichi, maana watoto wanataka ada. Nikamwambia, kaka, humo mna vinyonga wa pembe mbili, wale tuliokuwa tunawakimbia tukiwa wadogo. Akacheka. "Mdogo wangu, vinyonga wamejaa mpaka Amani huko. Hawa wakiisha, si wale wapo?"

Pale nilibabaisha tu. Jibu lenyewe nalitoa leo.

Usambara ni milima miwili. Lushoto iko Usambara Magharibi, Amani iko Usambara Mashariki, na katikati linapita bonde la mto Lwengera. Ukisimama ukingoni upande wa kunakokucha unauona mlima wa pili vizuri kabisa. Kwa gari ni safari ya kawaida: unashuka, unavuka joto la bondeni, unapanda tena. Lakini kinyonga hana gari. Huyu amezoea msitu wenye ukungu na baridi. Bonde lenye joto, jua kali na miti michache kwake ni sawa na bahari.

Sasa walifikaje pande zote mbili? Zamani sana hali ya hewa ilikuwa na unyevu zaidi, na misitu ilishuka na kuenea hata sehemu za chini. Mnyama wa msituni aliweza kutoka mlima hadi mlima akiwa kivulini. Nchi ilipokauka, msitu ulirudi juu, ukabaki pale tu panapopata mvua na ukungu kutoka Bahari ya Hindi. Ndiyo maana Milima ya Tao la Mashariki, kuanzia Taita kule Kenya mpaka Udzungwa, ni kama mlolongo wa visiwa. Tofauti ni kwamba visiwa hivi vimezungukwa na nyika badala ya maji.

Jamii moja ikishakatwa mapande mawili, kazi inaanza. Kila kiumbe anapozaliwa, vinasaba vya wazazi vinanakiliwa, na katika kunakili hutokea makosa madogo madogo. Mengi hayana faida wala hasara. Machache yanamsaidia mwenye nayo kuishi na kuzaa. Kama wote wanazaana pamoja, badiliko jipya huweza kusambaa kwa wote. Lakini lililotokea Lushoto halifiki Amani, na la Amani haliji Lushoto. Tena kundi likiwa dogo, hata bahati nasibu tu inaweza kulifanya badiliko moja lienee na lingine lipotee. Rudia hivyo kwa maelfu na maelfu ya vizazi. Mwishowe ni viumbe wawili tofauti, kila mmoja na njia yake. Hapo ndipo wataalamu wanaposema hizi ni spishi mbili.

Na ndivyo ilivyokuwa kwa vinyonga wetu. Kwa miaka mingi hawa wa pembe mbili walihesabiwa kuwa spishi moja yenye matawi. Mwaka 2008 watafiti waliwachunguza upya na kuwatenganisha. Wa Usambara Magharibi anaitwa Kinyongia multituberculata. Usambara Mashariki wapo wawili, Kinyongia matschiei na Kinyongia vosseleri. Taita wana wao, Nguru na Nguu wana wao. Na hilo jina Kinyongia, lililotolewa mwaka 2006, limetokana na neno letu hili hili, kinyonga! Mzungu kaja kachukua Kiswahili kakipeleka kwenye vitabu vya sayansi, sisi tunawapiga mawe.

Kitu kingine kilichonishangaza ni Kilimanjaro. Ungedhani mlima mrefu kuliko yote Afrika ndio ungekuwa na viumbe wengi wasiopatikana kwingine. Wapi! Unazidiwa na vilima vyetu hivi. Kilimanjaro ni volkano, kwa umri wa milima bado kijana. Usambara na wenzake ni wazee wa mamilioni ya miaka, na misitu yao imedumu muda mrefu sana. Kwa hiyo urefu peke yake hausaidii. Kinachotakiwa ni kutengwa, tena kwa muda mrefu.

Wala si milima tu. Mto Kongo nao umefanya kazi hiyo hiyo: kaskazini mwake wapo sokwe, kusini wapo bonobo, ndugu wa karibu ambao mto umewatenga mpaka wakawa spishi mbili.

Sasa nirudi kwa kaka. Wale wa Amani si akiba ya hawa wa Lushoto. Huyu wa kwetu akiisha kwenye milima yetu, ameisha duniani, hata kama mlima wa pili wamejaa tele. Na hataisha kwa siku moja. Ataisha kwa ekari mbili za kaka yangu, mbili za jirani, tatu za mwingine, kila mmoja akisema "si wapo kule?"

Nimempigia simu juzi nikamweleza yote haya. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akaniuliza: "Sawa, na ada?" Ni swali la haki. Tumekubaliana nichangie ada ya muhula huu, naye aache ule ukanda ulio juu ya chemchemi. Sehemu ya chini anasema atalima tu, mbegu ameshanunua.

Sijui kama hiyo ni nusu ya ushindi au nusu ya kushindwa. Wewe msomaji ungemwambiaje? Na huko kwenu kuna kiumbe gani ambaye mlima wa jirani hana? Tuambizane hapo chini.