Kolwezi: Vitabu vya Tintin ni 24, kijana aanzie wapi?

Kijana wa Musonoi akitaka kuingia katika bede za Tintin, jina la inchi yake linamvuta kwanza kwa « Tintin au Congo ». Afazali angoje. Hergé alianza kuichora mwaka wa 1930 bila kufika Kongo, na Mkongomani anaonyeshwa humo kama mtoto asiyejua kitu. Bienvenu Mbutu Mondondo alipeleka mashtaka Brussels mwaka wa 2007. Mahakama ilimkatalia mwaka wa 2012.

Si lazima kufuata namba. Aanze na « Le Secret de La Licorne », halafu mwendelezo wake, « Le Trésor de Rackham le Rouge ». Kisha « Le Lotus bleu »: hapo rafiki Mchina, Tchang Tchong-jen, alimfundisha Hergé kuchunguza mbele ya kuchora.

Akitoka huko, afungue kile cha Kongo: ataona mwenyewe kilichokosekana.