Ufukwe ni Nyongeza: Sayansi ya Mzaha Mwaloni Kirumba

Ufundi wa kutania kwa kawaida huhesabiwa kuwa kipaji cha kuzaliwa nacho, na mtu asiyeweza kuchekesha huonekana kama aliyenyimwa kitu ambacho hakiwezi kutafutwa. Dhana hiyo haisimami mbele ya utafiti wa sayansi, wala mbele ya desturi za Tanzania, kwa kuwa utani, yaani uhusiano unaowapa watu, koo au makabila haki ya kukejeliana bila kukasirikiana, ni jambo ambalo mtoto hufunzwa kama anavyofunzwa kuamkia wakubwa. Katika wilaya ya Ilemela, inayoshika ufukwe wa Ziwa Victoria kuanzia Kirumba na Pasiansi hadi Kayenze, na ambako Wasukuma huishi jirani na Wakerewe, Wajita, Wakara, Wahaya, Wakurya na wageni wengi wa biashara, mafunzo hayo huendelea kila siku bila mwalimu aliyeteuliwa.

Mfano mmoja kutoka kwenye biashara ya dagaa katika mwalo wa Kirumba, yaani soko la samaki la ufukweni, unatosha kuonyesha jinsi mzaha unavyofanya kazi. Dagaa walioanikwa mchangani badala ya kwenye chanja hubeba chembe za mchanga, na malalamiko ya wanunuzi juu ya jambo hilo ni ya zamani na ni ya kweli. Mnunuzi Mzaramo aliyetoka Dar es Salaam, anapochota kiganja cha dagaa kutoka kwenye ndoo ya muuzaji Msukuma, anaweza kuuliza: “Mtani, hapa nanunua dagaa au nanunua ufukwe?” Naye muuzaji, bila kuinua macho kutoka kwenye ndoo yake, akajibu: “Unanunua dagaa, mtani, ufukwe ni nyongeza.” Shutuma ya udanganyifu imetamkwa waziwazi, haikukanushwa, na hakuna aliyevunjiwa heshima, isitoshe, mnunuzi sasa ana nafasi nzuri zaidi ya kuomba apunguziwe bei kuliko kama angegomba.

Wanasaikolojia Peter McGraw na Caleb Warren walieleza mwaka 2010 kwamba kicheko huzuka pale jambo linapoonekana kuvunja kanuni fulani, iwe ya adabu, ya lugha au ya mantiki, na papo hapo likaonekana kuwa halina madhara. Hali hiyo inaweza kuitwa ukiukaji usiodhuru. Kanuni isipovunjwa, maneno hubaki kuwa taarifa tu, na ikivunjwa kwa namna inayoumiza, huwa tusi. Katika mazungumzo ya mwaloni, ukiukaji ni ile shutuma, na kinachoiondolea sumu ni neno moja lililotangulia, nalo ni “mtani”. Anayejifunza kutania hana budi kulitafakari jambo hili kabla ya kukariri kichekesho chochote, kwa sababu wengi wanaoshindwa hawashindwi kwa kukosa maneno, bali kwa kutumia maneno mahali ambapo hawajapewa ruhusa.

Ruhusa hiyo ndiyo iliyowavutia wanazuoni wa karne iliyopita. Mwaka 1940 mwanaanthropolojia Mwingereza A. R. Radcliffe-Brown aliufafanua uhusiano wa utani kuwa ule ambao mmoja anaruhusiwa, na wakati mwingine analazimika, kumdhihaki mwenzake, na huyo mwenzake hana haki ya kukasirika. Katika miaka hiyohiyo R. E. Moreau, ambaye kazi yake hasa ilikuwa kuchunguza ndege akiwa Amani katika milima ya Usambara, alikusanya habari za makabila yanayotaniana Tanganyika. Wanahistoria wameihusisha sehemu ya utani huo na misafara ya karne ya 19, wakati wapagazi wa Unyamwezi na Usukuma walipotembea kwa miezi kuelekea pwani na kuhitaji chakula, malazi na watu wa kuwazika wakifia njiani. Mtani alikuwa mwenyeji wa mtu asiyekuwa na ndugu. Kwa hiyo “mtani” ya Mzaramo mwaloni Kirumba si neno la kupamba mazungumzo tu, kwani nyuma yake kuna safari ndefu.

Ruhusa hata hivyo ina mipaka ambayo mgeni haioni kwa urahisi. Meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996 na kuua mamia ya watu, na mzaha kuhusu chombo kujaa kupita kiasi, ambao mtu wa Dodoma anaweza kuusema na kuchekwa, unaweza kunyamazisha baraza zima huku kwa kuwa mmoja wa waliokaa hapo alipoteza mzazi katika ajali hiyo.

Baada ya ruhusa huja mpangilio wa maneno, na hapa Kiswahili kina hazina ambayo haijasifiwa vya kutosha. Mzaha hutegemea msikilizaji kujenga picha moja kisha neno la mwisho kuibomoa, na kwa sababu hiyo “ufukwe ni nyongeza” huchekesha kuliko “nyongeza ni ufukwe”. Lakini upatanisho wa ngeli, yaani viambishi vinavyolinganisha kitenzi na nomino yake, unaweza kuivujisha siri mapema, kwa kuwa anayesema “kiliingia” amekwisha kutangaza kwamba hazungumzii mtu. Wanyama ndio kimbilio, maana wao huchukua viambishi vilevile vya binadamu. Mtu anaweza kusimulia: “Kaingia bila hodi, kala ugali wa watoto wote, katoka bila kuaga, nilipokwenda kulalamika, jirani akaniambia huyo ndiye mpole kuliko mbuzi wake wote.” Mbuzi alijificha ndani ya silabi moja ya “ka-” tangu mwanzo, na ni vigumu kufikiria lugha inayomfichia msimuliaji mbuzi wake kwa ukarimu zaidi.

Imani iliyoenea kwamba ni lazima kutua kidogo kabla ya neno la mwisho, au kulipandishia sauti, imekuwa na ushahidi hafifu. Lucy Pickering, Salvatore Attardo na wenzao walipopima sauti za wasimulizi wa vichekesho nchini Marekani hawakukuta mtuo wa pekee wala sauti ya juu zaidi mahali hapo. Muuzaji asiyeinua macho yuko karibu na matokeo hayo kuliko mtu anayesimama, anatabasamu, kisha anasubiri kuchekwa.

Kuhusu kicheko chenyewe, Robert Provine aliwachunguza watu wa kawaida wakizungumza hadharani, akakusanya matukio 1,200 ya kicheko, na akakuta kwamba chini ya asilimia 20 yalifuata jambo linalofanana na mzaha. Mengi yalifuata sentensi kama “haya, tutaonana”. Kicheko basi ni ishara ya kuwa pamoja, wala si kipimo cha ubora wa mzaha. Ng’ambo ya ziwa kuna ushahidi mzito zaidi: tarehe 30 Januari 1962, katika shule ya wasichana ya Kashasha, mkoani Kagera kwa mipaka ya leo, wanafunzi 3 walianza kucheka bila kujizuia, na hali hiyo ikawakumba 95 kati ya 159, hata shule ikafungwa mwezi Machi. Tukio hili husimuliwa ughaibuni kama kioja cha kufurahisha, jambo ambalo halistahili, kwa kuwa waliopatwa walicheka na kulia kwa zamu, wengine kwa siku hadi 16, na madaktari Rankin na Philip, waliochapisha taarifa yake mwaka 1963, hawakupata sumu wala maambukizi ya kueleza chanzo. Yaelekea walikuwa watoto waliolemewa, na kicheko kilipita kati yao bila mzaha wowote.

Anayetaka kujifunza atafaidika zaidi kwa kuanza na wale ambao desturi imekwisha kumpa, yaani babu, bibi na mabinamu, ambao watamcheka hata anapokosea na kumrudishia mzaha ulionolewa zaidi. Kwao atajifunza pia kupokea, ambayo ni nusu ya ufundi wenyewe. Gharama ya haki ya kutania huonekana msibani, kwa kuwa katika jamii nyingi za Tanzania mtani anaweza kuingia kaburini kabla ya mazishi, akajilaza, akadai kwamba nafasi hiyo ni yake na hatoki mpaka alipwe. Wafiwa hucheka wakiwa bado na machozi, mmoja wao hutoa noti, na mtani hupanda juu, hujipangusa udongo, kisha huchukua koleo na kuwa wa kwanza kufukia.