Fahamu: Kazi ya msimu ya wanafunzi wa jiolojia katika Mlima Rainier

Mlima Rainier ni volkano hai yenye urefu wa mita 4,392 katika jimbo la Washington, Marekani. Eneo lake limekuwa hifadhi ya taifa tangu 1899. Majira ya joto, theluji inapopungua na njia kupitika, wanafunzi wa jiolojia hupata nafasi za muda kusaidia wataalamu wa hifadhi.

Kazi kubwa ni kupima barafu. Vigingi huchomekwa ndani ya barafu mbili za mlima huo, Nisqually na Emmons, kisha hurudiwa ili kuangalia ni kiasi gani kimeyeyuka. Ni kazi ya kuchosha: mzigo mgongoni, kamba kiunoni, nyufa chini ya theluji. Lakini hapo ndipo mwanafunzi anapojifunza ambacho darasa haliwezi kumpa.

Mito nayo hupimwa, kwa sababu mawe na mchanga kutoka mlimani hujaza vitanda vyake. Novemba 2006 mafuriko ya mito hiyo yaliharibu barabara na kuifunga hifadhi kwa miezi sita. Hatari nyingine ni maporomoko ya tope kutoka mlimani: tope linaloitwa Osceola, lililoporomoka miaka 5,600 hivi iliyopita, lilifika hadi ghuba ya Puget, likipita mahali ambapo leo wanaishi maelfu ya watu.