Adui wa Saipresi, na Adui wa Adui Yake

Apitaye katika barabara itokayo Embu kwenda Meru, afikapo Runyenjes, huona jinsi mashamba ya kahawa na migomba yalivyozungukwa na miti iliyopandwa kwa mikono ya watu. Mingi ya miti hiyo ni migeni. Grevilea na mkaratusi asili yake ni Australia. Saipresi, ambao ni ua wa nyumba nyingi na mbao za majengo mengi, asili yake ni Meksiko na nchi zilizo jirani nayo. Miti hii imetufaa sana, lakini yampasa kila mwenye shamba ajue kwamba mti mgeni huweza kufikiwa na adui mgeni.

Mwaka 1986 kidukari wa saipresi alionekana nchini Malawi, na mwaka 1990 akafika Kenya. Ni mdudu mdogo wa rangi ya kahawia. Hukaa kwa makundi juu ya vitawi, hutoboa ganda na kunyonya utomvu, na mate yake ni sumu kwa mti. Majani hukauka kuanzia ndani ya mti kuelekea nje, na mti ulioshambuliwa sana hufa. Nyua nyingi zilikauka na mashamba ya miti yakaharibika. Hata mtarakwa, mti wetu wa asili, haukusalimika.

Je, kwa nini mdudu mdogo hivyo alishinda miti mikubwa? Sababu ni mbili. Kwanza, jike huzaa bila ya dume, kwa hiyo mmoja tu aliyepeperushwa na upepo aweza kuanzisha kabila zima. Pili, alifika huku peke yake, wale wanaomla wakabaki kwao. Kunyunyiza dawa msitu mzima hakuwezekani, na sumu hiyo ingewaua nyuki na wadudu wengine wenye faida.

Kwa hiyo Taasisi ya Utafiti wa Misitu ya Kenya, iliyoko Muguga, pamoja na wataalamu wa nchi nyingine, walitafuta adui wa adui huyu. Katika miaka ya 1990 aliletwa nyigu mdogo sana kutoka Ulaya, asiyeuma mtu. Nyigu huyu hutaga yai ndani ya mwili wa kidukari. Buu likianguliwa humla kidukari kutoka ndani, kisha nyigu mpya hutoboa tundu na kuruka. Kidukari hubaki gamba kavu lililovimba. Vidukari hawakwisha, lakini madhara yao yalipungua. Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone.

Njia hii haikuwa mpya. Afrika ya Kusini ilikwisha kuitumia mwaka 1926, ilipoleta nyigu mdogo kutoka Australia ili kumpunguza fukusi aliyekuwa akila majani ya mikaratusi.

Hata hivyo, si kila ugonjwa unao nyigu wake. Hapo zamani aina nyingine ya saipresi, iitwayo makrokapa, iliachwa kupandwa Kenya kwa sababu ya ugonjwa wa ukungu uliooza maganda yake. Katika miaka ya 1960 msonobari uitwao radiata nao uliachwa, baada ya ukungu mwingine kuangusha majani yake. Mara zote mbili mti wa aina moja ulikuwa umepandwa mahali pengi, na ugonjwa ukapata njia nyeupe.

Basi mkulima afanye nini? Achungulie ndani ya ua wake mara kwa mara. Akiona vitawi vya kahawia na vidukari, amwarifu ofisa wa misitu, wala asichukue matawi hayo wala miche yake kupeleka mahali pengine. Akiona magamba yaliyovimba yenye matundu, asinyunyize dawa, maana rafiki zake wako kazini. Zaidi ya yote, asitumainie mti mmoja. Leo grevilea imejaa katika mashamba yetu kama saipresi ilivyokuwa katika nyua, nayo pia hupatwa na ugonjwa wa maganda, hasa ikipandwa sehemu kavu. Kando yake apande muringa na muuru, miti ya asili ya miteremko ya Mlima Kenya, na miche ya miti hiyo iliyojiotea yenyewe mpakani asiing'oe. Shamba lenye miti ya namna nyingi halifilisiwi na mdudu mmoja.