Uvinza: Kituo cha Reli Kilichotanguliwa na Chumvi

Katika karne yote ya 20 nchi yetu ya Burundi haikuwa na reli. Hata hivyo kipo kijiji kimoja cha reli, ng'ambo ya mpaka, ambacho jikoni mwa bibi zetu kilijulikana vyema. Kijiji hicho ni Uvinza, mkoani Kigoma, nchini Tanzania, na sifa yake ni chumvi.

Karibu na mahali ambapo mto Ruchugi unaingia Malagarasi, maji ya chumvi hububujika kutoka ardhini. Wataalamu wa mambo ya kale waliochimba hapo katika miaka ya 1960 walitambua kuwa watu walipika chumvi mahali hapo zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Kila kiangazi watu walimiminika kutoka pande zote, wakapiga kambi, wakachemsha maji hayo vyunguni mpaka yakakauka. Chumvi hiyo ilifungwa mizigo, ikachukuliwa hadi Buha, Burundi na ng'ambo ya Ziwa Tanganyika.

Wakuu wa Wavinza walitoza sehemu ya chumvi iliyopikwa. Aliyevuma zaidi miongoni mwao ni Nzogera, aliyetawala kivuko cha Malagarasi. Mwaka 1871 Stanley, akiwa njiani kwenda Ujiji kumtafuta Livingstone, ilimbidi kutoa nguo nyingi kuwa hongo ndipo msafara wake ukavushwa.

Enzi hiyo haikudumu. Mwaka 1902 kampuni ya Kijerumani ilijenga kiwanda cha chumvi hapo, kikaitwa Gottorp. Kisha ikaja reli ya kati, iliyoanzwa Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914. Uvinza ikawa kituo. Gunia lililochosha mabega ya wapagazi kwa siku nyingi sasa lilifika ziwani upesi, na kutoka hapo likapakiwa melini. Lakini chemchemi zilikuwa zimekwisha kutoka mikononi mwa wenyeji. Mpishi wa chumvi wa jana akawa kibarua wa mshahara, na misitu ya jirani ikaliwa na tanuru za kiwanda.

Hapana shaka reli ni neema. Ila neema hiyo haikugawanywa sawasawa. Jambo hili linatuhusu leo, kwa kuwa mwaka 2025 liliwekwa jiwe la msingi la reli mpya itakayotoka Uvinza hadi Musongati, kwenye madini yetu ya nikeli. Treni hupita ikichukua ilichopakiwa. Ni juu ya wanavijiji, na wanaowasemea, kuulizia mapema ni nani atakayebaki na ardhi, kazi na faida, kabla ya mataruma kulazwa. Wavinza hawakuulizwa.